WR 124 bado haijalipuka

Ukiona picha ya nyota WR 124 iliyopigwa na darubini ya anga za juu ya James Webb, unaweza kudhani imeshalipuka. Hapana, haijalipuka. Wingu linaloizunguka si mabaki ya mlipuko, ni gesi na vumbi ambavyo nyota yenyewe imevipuliza nje kwa upepo wake mkali. Uzito wake ni kama mara 30 ya Jua, na tayari imeshamwaga kiasi cha Jua 10 hivi. Ikuze picha uangalie vile vifundo vya gesi vilivyochanikachanika pembeni, vinapendeza mno! Ila rangi zimepangwa na wataalamu, maana Webb hunasa mwanga wa infraredi ambao jicho haliuoni. Halafu iko umbali wa miaka ya nuru 15,000, yaani mwanga wake huchukua miaka 15,000 hivi kutufikia, kwa hiyo tunaiona ilivyokuwa zamani hizo.