Unga unaotoka kwenye mlango wa mninga

Mkuu, huo unga mweupe unaouona ukingoni mwa mlango wako wa mninga ni kazi ya bungua, wadudu wanaotoboa mbao. Ukichunguza matundu utakuta yako kwenye ule ukanda mweupe tu; kiini cha kahawia huwa hawakigusi. Fundi aliacha weupe wa karibu na gome ili mbao itoshe upana. Ukate wote, ubandike kipande cha kiini kwa gundi ya mbao. Kupaka vanishi juu hakusaidii, mabuu wako ndani.

Mninga wenyewe usiulaumu: ukikauka haupindi ovyo. Ila hukauka polepole, kwa hiyo mbao nene zipangwe kivulini, vijiti katikati, hewa ipite. Ukipiga msasa vaa barakoa, vumbi lake huwasha pua.