Muulize Fundi: koni wazi, vumbi la Voi na kiwaya chembamba

SWALI: Shikamoo Fundi. Gari langu ni Subaru Impreza WRX STI ya 2005, ile ya soko la Japani yenye injini ya lita 2. Nililinunua mwaka jana kwa mtu wa Nyali na bado ni zima, halitoi moshi wala halili oili. Kila siku ya kazi napita kilomita 14 za barabara ya udongo, na mwisho wa mwezi nateremka Mombasa kuwaona wazee. Nataka kubadilisha mfumo wa kuvutia hewa. Dukani wamenipa chaguo tatu: bomba fupi la alumini lenye kichujio cha koni ndani ya boneti, bomba refu ambalo koni yake inashuka hadi nyuma ya bampa, au kichujio bapa cha pamba ya kutiwa oili, kinachoingia kwenye boksi la kampuni. Muuzaji anasema bomba refu litaniongezea nguvu ya farasi 20 siku hiyo hiyo bila kugusa kitu kingine. Nina shilingi elfu 40. Ninunue lipi? – Kijana wa Voi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Katika hayo matatu usinunue hata moja. Najua si jibu ulilolingojea, kwa hiyo nipe nafasi nikueleze, maana gari ulilo nalo nalipenda na sitaki kuliona limekaa juu ya mawe.

Kwanza fungua boneti uangalie upande wa dereva, pale mbele kwenye kona. Boksi jeusi la plastiki ndilo la ea klina, yaani kichujio cha hewa. Lifuate mdomo wake: unapita juu ya rejeta na kuangalia mbele, kwenye grili. Maana yake ni kwamba gari lako linavuta hewa ya nje, ambayo haijapita kwenye injini, tangu siku lilipotoka kiwandani. Anayekuuzia hewa ya baridi anakuuzia kitu ulicho nacho.

Sasa chukua lile bomba fupi. Koni imekaa wazi ndani ya boneti, jirani na injini na hewa moto ya rejeta. Februari moja nilikaa kwenye foleni ya Makupa na Impreza ya mteja iliyofungwa koni ya namna hiyo, skana, kile kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, mkononi. Joto la hewa inayoingia lilisoma nyuzi 58. Tuliporudisha boksi la kampuni tukapita foleni ile ile kesho yake, saa ile ile, lilisoma 41. Hewa ikipata moto inapanuka na kuwa nyepesi, na kati ya nyuzi 41 na 58 unapoteza karibu asilimia 5 ya uzito wake. Barabarani, gari likishika kasi, tofauti hiyo hupungua, hilo nakubali. Lakini kijana anayetoka kwenye taa na kukanyaga mafuta anakanyaga wakati ule ule ambapo koni yake inavuta joto.

Kuna wanaosema boksi la kampuni linaibana injini isipumue. Kuanzia 1995, magari ya mashindano ya dunia ya rali yalilazimishwa kupitisha hewa yote ya tabo, ile feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi, kwenye tundu la milimita 34. Weka milimita 34 kwenye rula uone ilivyo ndogo. Kwa tundu hilo bado yalitoa takriban nguvu ya farasi 300. Lako lilitoka kiwandani na 280, na shingo ya boksi lake ni pana kuliko tundu hilo kwa mbali. Sisemi njia pana haina faida yoyote. Nasema kwamba kwa gari ambalo halijaguswa kitu kingine, haipo farasi 20 iliyofungiwa ndani ya boksi ikingoja bomba la alumini.

Kinachonitia hofu hasa ni sensa ya hewa. Kwenye shingo inayotoka kwenye boksi kuna plagi ya nyaya, na ndani yake kuna kiwaya chembamba kinachopashwa moto kwa umeme. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta ya injini inahesabu umeme uliotumika kukirudisha kwenye joto lake. Kutokana na hapo inajua ni gramu ngapi za hewa zimeingia, na inapima petroli kwa kipimo hicho. Lakini kiwaya hakipimi hewa yote. Kinapima ile inayokigusa, na kompyuta inazidisha kufuatana na upana wa bomba iliofundishwa kiwandani. Ukibadilisha upana, hesabu yote inaharibika na kompyuta haina habari.

Tuseme bomba la kwanza lilikuwa na upana wa ndani wa milimita 65, na hili jipya lina 70. Milimita 5 tu. Lakini eneo la duara limeongezeka kwa asilimia 16. Hewa ile ile sasa inapita polepole mbele ya kiwaya, na kompyuta inadhani imeingia kidogo, karibu asilimia 14 pungufu ya iliyoingia kweli. Petroli nayo inapungua vivyo hivyo. Pale ulipokuwa unachoma sehemu 11 za hewa kwa sehemu moja ya petroli, ukiwa umekanyaga hadi mwisho na tabo inasukuma, sasa unachoma karibu sehemu 13 kwa moja. Petroli ile ya ziada ndiyo inayopoza chumba cha moto. Ikiondoka, joto linapanda, mchanganyiko unawaka wenyewe kabla ya wakati, na injini inagonga. Na kumbuka gari lako lilipangwa kwa petroli ya Japani ya oktani 100 (oktani ni kipimo cha petroli kustahimili kugonga), ambayo hatuipati kwenye pampu zetu, kwa hiyo nafasi ya kukosea ilikuwa finyu tangu mwanzo.

Mwanzoni gari lenye mchanganyiko mkavu, yaani wenye petroli pungufu, hukimbia vizuri kidogo, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Unatoka gereji, unakanyaga, unasikia gari limechangamka, unampigia muuzaji simu kumshukuru.

Mwaka 2016 ililetwa kwangu Subaru Legacy ya lita 2.5 yenye tabo. Mwenyewe alikuja na bomba lake ndani ya kasha, akaniomba nimfungie. Nikamfungia kwa saa moja na nusu, nikabana klipu zote vizuri, na sikuunganisha skana kabla wala baada. Baada ya miezi 4 gari lilirudi kwa gari la kuvuta, likitoa moshi wa buluu na kutikisika likiwa limesimama. Tulipofungua, pistoni ya silinda ya 4 ilikuwa imevunjika pale inapokaa ringi, ile pete ya chuma inayoizunguka, kipande kikubwa kama ukucha wa kidole gumba, na ukuta wa silinda umechanika. Yule kijana alikuwa amejibana miaka 3 kupata gari lile. Kazi yangu ya saa moja na nusu ndiyo iliyoliua, na tangu siku hiyo sifungi bomba la hewa kwa gari la tabo bila kupima mchanganyiko. Nimepoteza wateja kwa sababu hiyo na nitaendelea kuwapoteza.

Sasa vumbi lako. Udongo mwekundu wa Voi naujua. Ukipita nyuma ya lori unaingia hadi kwenye pochi. Ndani yake mna chembe za mchanga ngumu kuliko chuma cha ringi. Chembe kubwa si tatizo, kichujio chochote huzishika. Zile laini kama poda ndizo zinazopita kwenye kichujio kilicho wazi mno, zikakwaruza mabawa ya tabo, zikashuka kwenye silinda na kuchanganyika na oili. Kuna kipimo cha kimataifa cha vichujio vya hewa vya injini, ISO 5011: wanapuliza vumbi lililopimwa, kisha wanapima lililoshikwa na lililopita. Muulize muuzaji matokeo ya kichujio chake kwa kipimo hicho. Kama hana, anachokuuzia ni rangi nyekundu. Karatasi nzuri iliyokunjwa hushika vumbi laini vizuri sana, na kadiri inavyochafuka kwa kiasi ndivyo inavyoshika zaidi. Pamba ya oili hufanya kazi ikiwa imetiwa oili kwa kiasi. Ikizidi, ukungu wa oili unaenda kukaa kwenye kile kiwaya, na sensa inaanza kusoma uongo. Ikipungua, vumbi linapita. Wewe wa kilomita 14 za udongo kila siku utaiosha na kuitia oili mara ngapi kwa mwaka, na kila mara upatie sawasawa?

Lile bomba refu nitalisema kwa ufupi. Koni nyuma ya bampa, chini, karibu na tairi. Masika yakishika Mombasa unajua maji yanavyosimama barabarani. Koni ikizama, injini inavuta maji, na maji hayashindiliki kama hewa. Pistoni ikipanda inakutana nayo na konrodi, fimbo inayoishika pistoni, inapinda. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns mwaka 2000 akiwa na Impreza pia, magari ya Safari yalikuwa yakipandishwa bomba la hewa juu, kando ya nguzo ya kioo cha mbele. Waliokuwa na fedha zote za kiwanda, kwa ajili ya barabara za nchi yetu hii, walipeleka mdomo wa hewa juu. Wewe unataka kuupeleka chini?

Kwa hiyo elfu 40 zako tuzifanyie hivi. Nunua kichujio halisi cha karatasi, na cha pili cha akiba. Kikague kila kilomita 5,000 na usingoje kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu, kwa sababu kitabu kiliandikwa kwa barabara za lami. Kabla ya kukifunga, pangusa ukingo wa boksi, hakikisha mpira wa kichujio umekaa pande zote nne na kwamba vibano vya mfuniko vyote vipo. Boksi lenye kibano kimoja kilichovunjika ni baya kuliko kichujio kibovu. Kisha pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba, upande wa baada ya kichujio. Kikitoka chekundu, kuna mahali vumbi linapita, na hilo ndilo la kushughulikia kwanza.

Halafu kagua mpira mrefu unaotoka kwenye sensa kwenda kwenye tabo. Gari lina umri wa kumaliza shule, na mpira ule hupasuka upande wa chini ambako jicho halifiki. Ufa wa hapo unaingiza hewa ambayo sensa haikuipima, na mchanganyiko unakuwa mkavu kama nilivyoeleza. Ufa ukiwa baada ya tabo, mambo yanageuka: hewa iliyokwisha kupimwa inatoka nje, petroli inazidi, na utaona moshi mweusi. Ukibadilisha mpira uliopasuka utasikia tofauti kuliko koni yoyote.

Kitakachobaki, kalipie kuisomesha injini kwenye skana na fundi anayejua Subaru. Mwambie akuonyeshe marekebisho ya petroli, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Yakiwa karibu na sifuri, uko sawa. Yakizidi asilimia 10 upande wowote, usiongeze kitu chochote kwenye gari mpaka sababu ijulikane.

Na kama moyo wako unataka sauti, sema tu, hakuna aibu, hata mimi naipenda pumzi ya tabo. Ndani ya madigadi kuna boksi la kunyamazisha mvumo, kabla ya kichujio. Likiondolewa, mvumo unasikika zaidi, kichujio kinabaki vile vile na sensa haijaguswa. Nguvu haitaongezeka, na gharama ni jasho la nusu siku.

Siku utakapobadilisha ekzosi na tabo, ukawa na fedha za kupangiwa kompyuta upya juu ya mashine ya kupimia nguvu, hapo tutazungumza bomba. Chagua lenye boksi lililofungwa kabisa, na utoke nalo pale kwenye mashine, si dukani.

SWALI: Fundi, kila nikienda huduma kijana wa gereji anapuliza ea klina kwa kompresa na kuirudisha. Ni sawa? – Mama wa wawili, Kilifi

JIBU: Si sawa, dada yangu. Upepo wa kompresa unatanua vitundu vya karatasi na wakati mwingine unaipasua kwenye mikunjo usipoiona. Mwambie aigonge taratibu juu ya meza vumbi kubwa lidondoke, kisha aishike dhidi ya jua. Ukiona nukta ya mwanga mkali, itupwe. Na asiioshe kwa petroli hata siku moja.

SWALI: Nina Toyota Mark X ya 2011, lita 2.5. Tangu nihamie Nairobi kutoka Mombasa imekuwa nzito. Nifunge koni? – Mwalimu, Nairobi

JIBU: Mwalimu, Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na shinikizo la hewa huko ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Gari lako halina tabo ya kufidia, kwa hiyo sehemu ya nguvu yake ya farasi 203 imebaki Mombasa na koni haiwezi kuifuata. Lakini kama uzito umeongezeka mwezi hadi mwezi, na gari likiwa baridi linatetema, sababu ni nyingine. Injini hiyo ya 4GR hunyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo vali za kuingizia hewa hazioshwi na petroli, na masizi hujijenga juu yake. Mwombe fundi aingize kamera ndogo aziangalie. Zikiwa nyeusi na zimevimba, tafuta anayesafisha kwa kupuliza unga wa maganda ya jozi, na umwambie afunge vali za silinda anayoifanyia kazi kabla hajapuliza, unga usiingie ndani.