Cha kumlisha fereti mgonjwa, na cha kumnyima

Fereti ni mnyama mdogo wa kufugwa, jamaa wa kicheche, na tumbo lake ni la mla nyama tu. Utumbo wake ni mfupi kiasi kwamba chakula huingia mdomoni na kutoka nje kwa saa 3 au 4. Nafaka, matunda na mboga hazipati muda wa kusagika. Akiwa mzima, chakula kikavu cha punje cha dukani kinachomfaa kina protini asilimia 35 hadi 40, mafuta karibu asilimia 20, na nyuzinyuzi zisizozidi asilimia 3. Usiishie kwenye namba hizo. Mbaazi na dengu nazo huhesabiwa kama protini kwenye pakiti, kwa hiyo angalia kama viungo vya mwanzo kwenye orodha ni nyama.

Akiugua, hakuna chakula kimoja cha "fereti mgonjwa". Kinachomponya mmoja chaweza kumzidishia mwenzake, hivyo vipimo vitangulie bakuli.

Tuanze na insulinoma, uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini, homoni inayoshusha sukari, kupita kiasi. Huko Marekani huwapata sana fereti waliovuka miaka 3 au 4. Mnyama hukodoa macho bila kuona, hutoka udenda, hujipangusa mdomo kwa makucha, na miguu ya nyuma humlegea. Sukari ya damu ya fereti mzima huwa kati ya miligramu 90 na 120 kwa desilita (mg/dl). Ikishuka chini ya 60, shaka huangukia kongosho. (Ukipewa majibu kwa mmol/l, kama ilivyo Uingereza, zidisha kwa 18 upate mg/dl.) Wenye fereti wengi wakisikia "sukari imeshuka" hukimbilia ndizi, zabibu kavu au dawa tamu ya kutoa nywele zilizokwama tumboni. Hapo ndipo mambo huharibika: sukari hupanda ghafla, uvimbe hujibu kwa insulini nyingi zaidi, na baada ya muda mfupi mnyama huanguka vibaya kuliko mwanzo. Anachohitaji ni nyama na mafuta, kidogo kidogo, kila baada ya saa 4, usiku ukiwemo. Bakuli lisikae tupu.

Asali ina kazi moja tu, nayo ni pale anapozimia au kupata degedege. Paka tone dogo kwenye ufizi kwa kijiti cha pamba. Usiingize kidole katikati ya meno yanayobana, wala usimmiminie kitu kooni. Akishazinduka na kuweza kumeza, mpe nyama papo hapo, kisha daktari siku hiyohiyo. Chakula peke yake hakitoshi kwa ugonjwa huu; wengi huishia kwenye prednisoloni, dawa ya steroidi, au upasuaji. Na akienda kupimwa damu, asifungishwe usiku kucha kama mbwa. Saa 3 au 4 zinatosha, tena mikononi mwa daktari.

Mawe ya kibofu yanahitaji uangalifu wa aina nyingine. Yapo ya struvaiti, aina ya madini, yanayoota mkojo unapopoteza asidi, na chanzo chake cha kawaida ni chakula chenye mahindi, soya au protini nyingine ya mimea. Dawa yake ya kudumu ni kurudi kwenye nyama. Lakini yapo pia ya sistini, kijenzi cha protini, ambayo huganda kwenye mkojo wenye asidi, na hayo yameongezeka Marekani. Anayeongeza asidi kwenye chakula kwa kubahatisha anaweza kuwa anayalisha mawe yenyewe. Jiwe likitolewa, lipelekwe maabara kabla ya kubadilisha chochote. Linalosaidia aina zote mbili ni maji: loweka punje, au tumia chakula cha kopo. Dume anayejikamua bila kutoa mkojo hana muda wa kujaribiwa vyakula. Ni dharura ya saa chache.

Utumbo uliovimba kwa muda mrefu, wenye kinyesi laini chenye ute au chembechembe kama mtama, hujaribiwa kwa nyama ya aina moja ambayo hajawahi kuila: sungura, bata au kondoo, kwa wiki 6 hadi 8. Kitafunwa kimoja cha kuku katikati huharibu jaribio zima. Ugumu ni kwamba fereti hujifunza harufu ya chakula akiwa mdogo, na akishakua hukataa kipya hata kwa njaa. Anza na sehemu moja mpya kwa tisa za zamani, ongeza taratibu, na usimsubiri "atakula akishikwa na njaa". Fereti asiyekula hudhoofika upesi.

Kwa aliyekataa bakuli, pika gramu 100 za paja la kuku na ngozi yake, bila chumvi, kitunguu wala viungo. Toa mifupa, saga na mililita 150 za mchuzi na vijiko 2 vya punje zake zilizolowekwa, kisha chuja. Punje hizo zisiachwe, kwani kuku mtupu hana kalisi ya kutosha. Gandisha kwenye trei ya barafu, na kila mlo upashwe hadi uvuguvugu. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni mwa mdomo, nusu mililita kwa mara, hadi mililita 5 au 10 kila saa 4. Akitapika, au kama kipande cha mpira kimepotea nyumbani, usimlishe kwa nguvu: utumbo ukiwa umeziba utamuumiza.

Ugonjwa wa tezi za adrenali zilizo karibu na figo, ule wa kunyonyoka manyoya mkiani, hauna chakula kinachoutibu, hata wauzaji waseme nini.

Mpime kila wiki kwa mizani ya jikoni. Katika nchi za baridi, fereti hunenepa kipindi cha baridi kikikaribia na kukonda joto likirudi, bila ugonjwa wowote, kwa hiyo linganisha uzito wake na wa mwezi kama huo mwaka uliopita, si wa mwezi jana.