Hesabu za likizo bila tuisheni

Dada, umeuliza umpe nini kijana wa kidato cha pili likizo hii asisahau aljebra, na tuisheni hataki. Mpe uzi na nati kubwa. Aining'inize kwenye fremu ya mlango, uzi sentimita 25, aisukume kidogo tu (wanapenda kuibamiza!), ahesabu mabembeo 20 ya kwenda na kurudi. Saa ya simu itasoma kama sekunde 20. Halafu uzi wa mita 1: sekunde 40 hivi. Mwulize kwa nini urefu mara nne umeleta muda mara mbili tu. Kipeuo cha pili hicho. Ndipo umwandikie T² = 4π²L/g (T ni sekunde za bembeo moja, yaani muda wote ugawe kwa 20; L ni urefu kwa mita; g ni mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia), aitoe g peke yake upande mmoja. Itakuja karibu na 9.8, ila urefu upimwe hadi katikati ya nati.