Je, harufu kali ya bangi ni dalili ya nguvu yake?

SWALI: Habari mtaalamu. Ninaishi katika nchi ambayo bangi huuzwa kihalali kwa watu wazima. Mwezi uliopita nilinunua kopo lenye lebo isemayo "THC 25%, indica 70, sativa 30". Lilikuwa na harufu kali ya petroli na limau, hata nguo zilibaki zikinuka. Safari hii nimechukua kopo lenye jina lile lile, lakini harufu yake ni ya udongo na karafuu, na naliona dhaifu ingawa lebo inasema 26%. Nimeambatanisha cheti cha maabara cha kopo la kwanza. Je, zile 70 kwa 30 ni hesabu ya vinasaba? Harufu kali si ndiyo nguvu? Na jina moja linawezaje kuwa vitu viwili?

JIBU: Ahsante kwa cheti, kimenirahisishia kazi. Wengi huniandikia jina la aina peke yake, na katika yote uliyoniletea, jina ndilo lenye habari kidogo kuliko vingine.

Nianze na harufu, kwa kuwa hapo ndipo wengi hujikwaa. THC, kiambato kinacholevya, haina harufu ya kuijua kwa pua. Ikishasafishwa ni utomvu mzito unaonata. Ukiunusa hupati kitu cha kukumbuka. Kinachokupiga puani ni vitu vingine. Chukua ua jike la mbangi uliweke chini ya darubini: utaona vinywele vimesimama kama uyoga wa kioo, kila kimoja na kichwa cha mviringo, yaani tezi, kilichojaa utomvu. Ndani ya kichwa hicho mmea hutengeneza kanabinoidi, yaani THC, CBD isiyolevya na ndugu zao, na humo humo hutengeneza terpini, mafuta mepesi yanayoruka hewani na kuitwa harufu. Jiko ni moja, vyungu ni viwili. Chungu kimoja kikijaa, huwezi kuapa kuwa na cha pili kimejaa. Ni kweli kwamba mmea wenye tezi nyingi mara nyingi huwa na vyote kwa wingi, ndiyo maana imani hii haifi. Lakini mmea wa hempu, yaani mbangi usiolevya, wenye CBD tupu unaweza kunukia nyumba nzima bila kumlevya mtu.

Terpini zenyewe unazifahamu hata kama hukuzijua kwa majina. Mirisini imo kwenye mchaichai na maembe. Limonini ndiyo harufu ya ganda la chungwa, pinini ya msonobari, linaluli ya lavenda. Kariofilini imo kwenye pilipili manga na karafuu, na hiyo ndiyo ningeishuku kwanza katika kopo lako la pili.

Ile harufu ya petroli ina kisa chake, nami nakipenda. Kwa miaka mingi tulidhani terpini zinatosha kueleza kila kitu, lakini ukichanganya terpini zote zilizoorodheshwa kwenye cheti hupati ule ukali unaofanana na kicheche aliyeudhiwa. Mwaka 2021 wanakemia waligundua kuwa chanzo ni viambato vyenye salfa, hasa kimoja ambacho ni kile kile kinachoharibu bia iliyoachwa juani kwenye chupa isiyo na rangi. Ni jamaa wa karibu wa viambato vya kitunguu saumu. Kiasi chake kwenye ua ni kidogo mno, lakini pua ya binadamu huishika salfa hata ikiwa chembe. Huongezeka wiki za mwisho za kuchanua, hufika kileleni maua yakiwa yanakaushwa na kuivishwa, kisha hupungua yakikaa ghalani. Kwa hiyo nguo zako zilinuka kwa sababu ya kitu ambacho hata kwenye cheti chako hakimo, kwa kuwa maabara nyingi hazikipimi. Na hakina mchango wowote katika ulevi.

Sasa vinasaba. Kanabinoidi kubwa zote huzaliwa na mama mmoja, asidi iitwayo CBGA. Kimeng'enya kimoja huichukua na kuifanya THCA, ambayo ikipata joto huwa THC; kingine huichukua hiyo hiyo na kuifanya CBDA, ambayo huwa CBD. Malighafi ni moja, kila kimoja kinavutia kwake. Mmea hupata seti moja ya maagizo kwa baba na nyingine kwa mama, na urithi wake hufanana na wa kundi la damu: mtoto akirithi A kwa mzazi mmoja na B kwa mwingine, huwa AB, hakuna anayemfunika mwenzake. Mtafiti Etienne de Meijer na wenzake walionyesha jambo hili mwaka 2003. Ukizalisha mmea wa THC tupu na wa CBD tupu, watoto wote hutoa vyote viwili. Ukiwazalisha watoto wao kwa wao, wajukuu hugawanyika: robo ni wa THC, nusu ni wa vyote viwili, robo ni wa CBD. Usomaji wa jenomu, yaani vinasaba vyote vya mmea, uliofuata ulionyesha kuwa hapa hakuna jeni moja yenye sura mbili, ila jeni jirani zinazorithiwa kwa pamoja, katika eneo lililojaa marudio na lililokuwa gumu sana kusomeka. Kanuni ya robo, nusu, robo ilibaki palepale.

Angalia vizuri kanuni hiyo inatuambia nini. Inatuambia *uwiano*: mmea huu ni wa THC, wa CBD, au wa kati. Haituambii *kiasi*. Kiasi hutegemea jeni nyingi, kila moja ikiwa na mchango mdogo, na hutegemea idadi na ukubwa wa zile tezi, mwanga, siku ya kuvuna na afya ya mmea. Mtu akikwambia "vinasaba vya aina hii ni asilimia 25" amechanganya mambo mawili. Vinasaba huweka dari. Chini ya dari hiyo mkulima na hali ya hewa ndio huamua.

Zile 70 kwa 30 basi ni za nini? Mwanabotania Linnaeus aliupa mmea jina la *Cannabis sativa* mwaka 1753. Mwenzake wa Ufaransa, Lamarck, akaongeza *Cannabis indica* mwaka 1785, kutokana na sampuli za India alizoziona kuwa tofauti kwa umbo. Wote wawili walikuwa wakieleza mmea unavyoonekana. Hakuna aliyesema indica itakulaza na sativa itakuchangamsha, kama wauzaji wasemavyo leo. Leo karibu kila kinachouzwa ni chotara wa chotara, na uwiano unaoandikwa kwenye lebo hutokana na historia ya ukoo inayosimuliwa na wazalishaji. DNA inaweza kupima simulizi hiyo, na mwaka 2015 watafiti wa Kanada waliipima: uwiano uliodaiwa ulilingana kwa kiasi cha wastani tu na vinasaba halisi, na katika takriban theluthi ya ulinganisho wao, sampuli ilikuwa karibu zaidi na sampuli za majina mengine kuliko ile ya jina lake. Utafiti mwingine wa 2021 uliongeza jambo ambalo kwangu ndilo lenye kueleza zaidi. Lebo za indica na sativa hazikufuata ukoo, ila zilifuata kwa kiasi fulani terpini chache: zilizoitwa indica zilikuwa na mirisini zaidi, zilizoitwa sativa zilikuwa na farnesini na bergamotini zaidi. Yaani watu wamekuwa wakinusa kwanza, kisha wanaita. Ile 70 yako ni maelezo ya harufu yaliyovaa nguo za nasaba.

Kuhusu jina moja kuwa vitu viwili, jibu liko kwenye njia ya kuzidisha mmea. Ukikata tawi la mmea mama na kuliotesha mizizi, unapata vinasaba vile vile. Ukipanda mbegu, unapata ndugu wa baba mmoja na mama mmoja: wanafanana, lakini mmoja ana pua ya babu na mwingine hana. Mbangi una mimea dume na mimea jike, hivyo kwa kawaida kila mbegu ni mchanganyiko mpya. Mkulima wa kwanza anaweza kuwa ametumia matawi, wa pili amepanda mbegu akachagua mmea uliompendeza, na wote wakaandika jina lile lile. Jina la aina halina mlinzi, tofauti na mbegu za mahindi zilizosajiliwa.

Tuje kwenye cheti chako. Kimeandika THCA 24.1%, THC 0.8%, CBD haikuonekana. Jumlisha: 24.9. Hapo ndipo lebo ilipopata 25 yake, na hesabu hiyo si sahihi. Kwenye ua bichi karibu THC yote imo katika umbo la THCA, ambalo halilevyi. Joto likiipata, molekuli hudondosha kaboni dioksidi moja na kubaki nyepesi. Uzito unaobaki ni 0.877 ya ule wa awali. Kwa hiyo 24.1 mara 0.877 ni 21.1, ongeza 0.8, unapata 21.9%. Hiyo ndiyo THC jumla. Halafu tazama mstari mdogo chini ya jedwali: "kwa uzito mkavu". Ua lako lilikuwa na unyevu wa asilimia 12, na hukununua ua lisilo na maji kabisa. 21.9 mara 0.88 ni 19.3%. Kutoka 25 hadi 19.3 bila mtu yeyote kupima vibaya.

Na wakati mwingine vipimo vyenyewe huwa na tatizo. Mwaka 2023 watafiti walinunua maua kwenye maduka ya Colorado, Marekani, wakayapima upya. Takriban asilimia 70 ya sampuli zilikuwa na THC pungufu kuliko lebo kwa zaidi ya asilimia 15. Wateja wanapochagua kwa namba kubwa, namba hukua. Kwa sababu hiyo sishtuki kwamba kopo lako la 26% limekuwa dhaifu kuliko la 25%. Tofauti ya asilimia moja kati ya lebo mbili haina maana yoyote.

Najua utaniuliza kama limonini na mirisini hubadilisha namna THC inavyofanya kazi, kwa kuwa wauzaji husema hivyo kila siku. Kuna dalili, lakini kipimo ndicho kinachosahaulika. Mwaka 2024 jaribio dogo la watu 20 lilionyesha kuwa limonini ilipunguza wasiwasi unaoletwa na THC. Kiasi kilichofanya kazi vizuri kilikuwa miligramu 15 za limonini pamoja na miligramu 30 za THC. Cheti chako kinasema limonini 0.4%. Ili kupata THC miligramu 30 kwenye ua la 21.9% unahitaji miligramu 137 za ua, na ndani yake mna limonini nusu miligramu tu. Ni takriban mara 27 chini ya kile kilichojaribiwa. Habari za mirisini "kulaza" zina ushahidi hafifu kuliko huo.

Nisiache jambo moja, kwa kuwa unatafuta nguvu na nadhani unapaswa kujua inavyopimwa upande wa afya. Bangi iliyokamatwa Marekani ilikuwa na wastani wa THC 4% hivi mwaka 1995; kufikia 2014 ilikuwa 12% hivi, huku CBD ikizidi kupungua. Utafiti mkubwa wa 2019 uliofanyika Ulaya na Brazili uliweka mstari wa "nguvu kubwa" kwenye 10%, na waliotumia bangi ya juu ya hapo kila siku walikuwa na uwezekano wa karibu mara tano wa kuwa na saikosisi, ugonjwa wa akili unaomtenga mtu na uhalisia, kuliko wasiotumia kabisa. Kopo lako, hata baada ya kulipunguza kwa hesabu zote nilizofanya, bado ni karibu mara mbili ya mstari huo. Kama kuna mtu katika ukoo wenu aliyewahi kuugua ugonjwa wa aina hiyo, au kama hujafika umri wa miaka 25, ningetafuta ua lenye CBD ya kutosha na THC ya chini, na nisingejali linaitwaje.

Imebaki kopo la pili. Omba cheti chake, na usichukue cha aina kwa jumla. Kiwe cha mavuno yale yale, kwa namba iliyochapwa kwenye kopo. Tazama mambo matatu. Kwanza tarehe ya kuvuna na ya kupima. Terpini nyepesi kama limonini na mirisini ndizo hutangulia kuruka, nzito kama kariofilini hubaki. Ua lililokaa muda mrefu au kukaushwa kwa joto kali hupoteza limau na kubaki na karafuu, jambo ambalo linafanana sana na ulichonieleza. Pili tazama CBN. Hiyo ni THC iliyozeeka kwa hewa na mwanga. Ikiwa imepanda hadi kufikia nusu asilimia au zaidi, ua limechakaa na namba ya THC kwenye lebo ni ya siku ambazo zimeshapita. Tatu linganisha orodha ya terpini na cheti ulichonitumia. Zilizoongoza zikiwa ni nyingine kabisa ilhali CBN iko chini, basi kopo halijazeeka: ni mmea mwingine uliopewa jina lile lile.