Picha ya MRI ni safi, mbona mgongo bado unauma?

Wiki iliyopita niligusia aina ya MRI, kipimo cha kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, inayoonyesha ugwe mgongo, ule mshipa mnene wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ukiwa kazini. Barua zimekuja nyingi. Najibu hizi nne.

Shikamoo daktari. Mdogo wangu ameanguka na bodaboda, miguu haina nguvu. Je, kipimo hicho tutakipata Hospitali ya Benjamin Mkapa? (Kaka, Kongwa)

Marahaba, na poleni sana. Kipimo hicho bado ni cha utafiti duniani kote, hakijaingia katika matibabu ya kawaida. Kwa hiyo msiuze ng'ombe kukifuata nje ya nchi. Mdogo wako anahitaji MRI ya kawaida, na hiyo Benjamin Mkapa ipo. Itaonyesha kama mfupa, diski (ule mto laini ulio kati ya pingili) au damu iliyovuja inaukandamiza ugwe, na daktari wa upasuaji anataka kulijua hilo mapema. Mkimhamisha, alale chali juu ya ubao, shingo isitikisike, na mwili wote ugeuzwe kwa pamoja. Asikalishwe tena kwenye pikipiki kwa sababu yoyote ile.

Mashine inaionaje kazi ya mishipa ya fahamu? Na kwa nini tafiti za ubongo ni nyingi kuliko za ugwe? (Mwanafunzi, UDOM)

Haiioni moja kwa moja, inaifuata damu. Damu iliyokwisha kutoa oksijeni huuvuruga kidogo uga wa sumaku, yenye oksijeni haiuvurugi. Seli za fahamu zikianza kazi, mwili huzimiminia damu yenye oksijeni kuliko zinavyoitumia, na baada ya sekunde chache picha ya sehemu ile hung'aa kidogo. Mjapani Seiji Ogawa na wenzake, wakiwa Marekani, walilieleza jambo hili mwaka 1990. Mwaka 1992 ubongo wa binadamu ulikuwa tayari umepigwa picha za namna hiyo. Ugwe ulisubiri hadi 1996, watafiti walipoupima shingoni mtu akiwa anafanyisha mkono kazi.

Ugumu ndio unaonivutia mimi. Ugwe una unene wa sentimita 1 hivi, na ndani yake sehemu yenye seli zinazotafutwa ni milimita chache tu. Umezungukwa na maji yanayosukumwa kila moyo unapodunda, nao wenyewe hucheza. Mapafu yakijaa hewa, uga wa sumaku hubadilika. Mgonjwa akimeza mate, shingo imesogea. Pingili na diski zinazopishana nazo huuharibu uga huo kila hatua. Ni sawa na kumpiga picha siafu aliye mgongoni mwa punda anayekimbia. Ndiyo maana watafiti hurekodi mapigo ya moyo na pumzi wakati wote wa kipimo, kisha huziondoa athari zake kwa hesabu kabla ya kusema lolote.

MRI ina mionzi? (Mama mjamzito, Manyoni)

Haina mionzi ya eksirei, inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Taja ujauzito wako na chuma chochote kilichomo mwilini kabla hujaingia.

Mgongo unaniuma lakini MRI yangu imesomwa kuwa ni safi, mawifi wanasema najifanya ili nikwepe jembe. (Chamwino)

Pole sana, mama. Huongopi kwa sababu tu picha ni safi. MRI ya kawaida inaonyesha umbo, haionyeshi kazi. Mwaka 2009 watafiti wa Hamburg, Ujerumani, waliwachoma watu mkononi kwa joto baada ya kuwapaka krimu mbili zisizo na dawa, ila moja waliambiwa ni dawa kali ya maumivu. Palipopakwa hiyo, maumivu yalipungua, na mwitikio wa ugwe wenyewe ulipungua pia. Maana yake, ujumbe wa maumivu unaweza kupunguzwa au kukuzwa ndani ya ugwe, kabla haujafika kichwani, na umbo lake likabaki zuri kabisa.

Rudi kliniki na jibu lako. Eleza kama maumivu yanachoma, yanashuka mguuni, au yanakuamsha usiku, kwa sababu zipo dawa za maumivu ya mishipa ya fahamu, na fiziotherapia inasaidia wengi. Lakini ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukipata ganzi sehemu za siri, au miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki.