Homoni ya hCG imeshuka katika wiki ya 12: je, mimba inaharibika?

Swali: Daktari, nina ujauzito wa wiki 12. Katika wiki ya 9 nilipimwa damu, homoni ya ujauzito iitwayo hCG ikawa yuniti 110,000 kwa lita. Juzi imeonekana 65,000. Nilisoma kwamba homoni hii huongezeka maradufu kila siku mbili. Ultrasaundi ya wiki hii imeonyesha mapigo ya moyo ya mtoto, lakini bado nina hofu. Je, kushuka huku si dalili ya mimba kuharibika?

Jibu: Kwa hali uliyoieleza, hapana. Kanuni ya kuongezeka maradufu inahusu wiki za mwanzo tu, na hata wakati huo ongezeko hilo huchukua siku mbili hadi tatu. Kwa kawaida hCG hufikia kilele kati ya wiki ya 8 na ya 11, zikihesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha hushuka, kwa kuwa kazi yake kubwa imekwisha.

Kazi hiyo ni kuiokoa tezi moja isife. Yai linapotoka kwenye ovari, kifuko kilicholibeba hugeuka kuwa tezi ya muda yenye rangi ya manjano, iitwayo korpasi luteumu, ambayo hutengeneza projesteroni ya kuuandaa ukuta wa mji wa mimba na kuutuliza usijikaze. Bila mimba, tezi hii hunyauka baada ya siku 14 hivi, projesteroni ikapungua na hedhi ikaja. Kiinitete kina muda mfupi wa kulizuia hilo. Yai hurutubishwa ndani ya mrija wa uzazi, na kufikia siku ya 5 limekuwa kitufe chenye maji ndani, ambacho baadhi ya seli zake zitakuwa mtoto, ilhali zile za nje zitajenga kondo la nyuma. Hizo za nje, mara tu kitufe kinapoanza kujipandikiza, kuanzia siku ya 6 hadi ya 10, ndizo zinazomwaga hCG katika damu ya mama na kuifanya tezi iendelee na kazi. Kipimo cha mkojo husoma homoni hiyo hiyo.

Kati ya wiki ya 7 na ya 9 kondo la nyuma huanza kujitengenezea projesteroni ya kutosha. Majaribio ya mtafiti Arpad Csapo ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba korpasi luteumu ikiondolewa kabla ya wiki ya 7 mimba hutoka, lakini ikiondolewa baada ya wiki ya 9 mimba huendelea.

 

Mapigo ya moyo yakishaonekana, ultrasaundi hueleza hali ya mimba vizuri zaidi kuliko hCG, na sioni sababu ya kurudia kipimo hicho. Kushuka kwake, au kupanda kwa kusuasua, hututia shaka katika wiki za mwanzo kabisa, kwa kuwa huenda mimba inaharibika au imetunga nje ya mji wa mimba. Hata hivyo, ukitokwa na damu au ukipata maumivu makali ya tumbo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama majibu ya damu ni mazuri.